Waya Ambao Sikuufunga

Nilipaka lile gitaa matabaka saba ya vanishi ya boti, na kila tabaka nililipaka kwa woga. Fundi yeyote wa mbao angekuambia kwamba matatu yanatosha, na mimi mwenyewe ni fundi wa mbao. Nimezeekea kwenye karakana ya reli nikitengeneza viti na milango ya mabehewa, kwa hiyo najua mbao inataka nini. Lakini hapo sikuwa naihudumia mbao. Nilikuwa najenga ukuta kati ya umeme na mtoto wangu, na kila nilipomaliza tabaka moja niliona ukuta bado mwembamba.

Yalikuwa majira ya mvua, na huku kwetu kando ya ziwa vanishi ya namna hiyo haikauki upesi wakati wa mvua. Nililitundika gitaa kwa kamba chini ya paa la jikoni. Asubuhi nilikuta mbu na vipepeo wadogo wamenasa kifuani pake, wengine bado wanapiga bawa. Nikawabandua mmoja mmoja kwa kibanio cha nywele cha mke wangu, kisha nikapaka tabaka jingine juu ya alama za miguu yao.

Mke wangu alinitazama huku anapepeta mchele. "Papa, hii kintu ni gitaa ao ni mutego?"

Sikucheka. Siku zile kicheko kilikuwa kimenihama.

Gitaa lilikuwa la binti yetu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza masomo ya sekondari, na alipiga vizuri gitaa la kawaida, lile lenye tundu kifuani, ambalo nilimfundisha mwenyewe barazani. Kwaya ya kanisa letu ilikuwa imebaki bila mpiga gitaa la umeme, kwa sababu aliyekuwa nalo alihamia Lubumbashi na gitaa lake. Basi siku moja binti akaniambia, "Papa, we unajua mbao. Unitengenezee yangu." Aliomba mara moja tu. Angeomba mara kumi ningepata nguvu ya kukataa. Lakini aliomba mara moja, akaenda kugeuza samaki wadogo wa ndagala juani kama mtu aliyekwisha kupewa, nami nikabaki na jibu langu mdomoni.

Kulichonga hakukunitisha. Nilikuwa na ubao wa mulombwa uliotoka kwenye benchi la behewa kuukuu, mwekundu, mkavu, usio na ufa. Kilichonitisha ni mahali atakapolipigia. Angelipigia kanisani kwetu, mbele ya maikrofoni ileile iliyotaka kuniua, na hakuna mtu duniani aliyejua kwamba ilitaka kuniua isipokuwa mimi.

Inanibidi nieleze jambo hilo, ingawa nimelificha miaka mingi.

Binti alipokuwa na miaka saba, mpiga gitaa wa kwaya ile nilikuwa mimi. Jumapili moja ya mvua niliingia na viatu vilivyolowa, na sakafu ya saruji nayo ilikuwa na maji. Jenereta, sisi tunaiita grupu, ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Mkono wangu ulikuwa kwenye nyuzi. Ikafika zamu yangu ya kuitikia, nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni.

Mkono ulijifunga wenyewe juu ya nyuzi na haukunitii tena. Meno yakashikana. Kifua kikagoma kupanda wala kushuka. Niliona kila kitu, hata kitasa cha dirisha, hata mtoto mmoja anapiga miayo. Nilitaka kupiga kelele na hapakuwa na pa kutolea kelele.

Na kanisa zima liliniona. Walimwona mtu anatetemeka, macho juu, mdomo kwenye maikrofoni, na wakaelewa kama tunavyoelewa siku zote. Mama za safu ya mbele walipiga vigelegele. Mpiga ngoma akaongeza mwendo. Kwetu, mtu akishukiwa na Roho haguswi. Anaachiwa nafasi, watu wanarudi nyuma hatua mbili tatu, wanaimba kwa nguvu zaidi ili kazi iliyoanza ndani yake ifike mwisho. Basi waliniachia nafasi. Nilikuwa nakufa katikati ya wimbo wa furaha, na watu wote wanaonipenda walikuwa wamerudi nyuma wanapiga makofi.

Kilichoniokoa ni magoti. Yaliisha nguvu, nikaanguka, na maikrofoni ikabaki juu kwenye mti wake. Nilipofumbua macho nilikuwa mkekani, mama mmoja ananipepea kwa kitabu cha nyimbo, na nyuso zote zimeinama juu yangu.

"Papa, umeona nini?"

Nikasema, "Mwangaza."

Haukuwa uongo kamili, maana mwangaza niliuona. Lakini niliwaacha waelewe walivyotaka. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya mwangaza wangu. Wazee walinisimamisha njiani wanishike mkono. Mama mmoja alitembea tangu Niemba kuja kuniomba nimwombee mtoto wake, na nilimwombea, nikiwa na aibu mpaka kwenye nyayo. Ningewaambiaje kwamba ilikuwa grupu? Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Gitaa la kanisani sikuligusa tena. Nilisema vidole vinaniuma kwa baridi, wakasema ni unyenyekevu. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba pana ubovu, hakuna aliyetengeneza chochote. Amplifaya ileile, waya zilezile, maikrofoni ileile.

Mpaka leo taa ya nyumbani kwangu naiwasha kwa mgongo wa kidole, ili mkono ukijikunja ujikunje kutoka kwenye swichi, si kuishika. Mke wangu anadhani ni mazoea tu.

Kwa hiyo mnaweza kufikiri nilivyochagua vifaa vya gitaa lile. Mtu mwingine angeuliza kipi kinalia vizuri, kipi kinapendeza. Mimi niliuliza swali moja tu: chuma kitamgusa wapi? Vifungo vya sauti nilipewa viwili vya chuma, vizuri, vinang'aa, vimetoka kwenye redio ya zamani. Nikavikataa, nikachukua vya plastiki vyenye ufa. Bamba la kushikia tundu la waya lilikuwa la bati. Nikachonga jingine la pembe ya ng'ombe. Binti alitaka mbao ipakwe kitu chepesi ili wekundu wake uonekane. Nikamwambia unyevu wa ziwa utaiharibu, na hivyo ndivyo tulivyofika kwenye vanishi ya boti.

Kisha nikafanya ujinga ambao fundi wa redio anausimulia mpaka leo. Fundi huyu ni mzee mwenye kibanda karibu na soko. Alikimbia kutoka Nyunzu wakati wa vita, akaacha nyumba, akaacha mbuzi, akaja na chuma chake cha kulehemu ndani ya koti. Binti alikuwa amekwisha kutengeneza kinasa cha gitaa, kile kinachozisikia nyuzi, kwa maelekezo yake: sumaku ya spika iliyokufa, na waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye feni iliyoungua, ameuzungusha maelfu ya mara kwa mkono, akilia kila ulipokatika. Kilichobaki ni nyuzi. Nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma, na chuma ndicho sikukitaka. Basi nikanunua nailoni ya wavuvi, ile nene ya kuvulia sangala, na nyingine nyembamba zaidi, nikafunga sita, nikazikaza, nikampelekea fundi.

Akachomeka waya. Akapiga. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya.

Akainama kuangalia, akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza. "Papa, ulitaka kupiga gitaa ao kuvua samaki? Sumaku haisikie nailoni. Sumaku inasikia chuma tu."

"Basi tutie nini kisichopitisha umeme?"

Aliacha kucheka. Akanitazama kidogo, akagonga kifua cha gitaa kwa kucha, juu ya matabaka yangu saba. "Na hii mavanishi yote ni juu ya umeme?"

Nikafuta alama ya kucha yake kwa kiwiko.

"Umeme haipite mu mbao, Papa, hata ungeiacha bila kupaka kintu. Itapita mu nyuzi. Mutoto atashika nyuzi, hatashika mbao."

Wiki tatu za kupaka, na ukuta wangu ulikuwa umejengwa upande usio na adui.

Akafunga nyuzi za chuma, kisha akanionyesha jambo ambalo lingenikosesha usingizi. Akaweka kidole kwenye daraja, kile chuma ambacho nyuzi zinalalia. "Hapa chini kunatoka waya moja. Unaenda mupaka ku tundu ya fishi, pale unachomekaka waya, na kutoka kule unashikana na chuma ya amplifaya. Tunauita waya ya masi. Ukiufunga, mutoto akigusa nyuzi, kelele inakatika, gitaa inakuwa safi. Usipoufunga, itanguruma siku yote."

"Na kama amplifaya ni mbovu?"

Alipuliza moshi wa risasi aliyokuwa anaiyeyusha. "Basi ule waya utamuletea mutoto ubovu yote mu mukono."

Alisema bila kunyanyua macho, maana kwake ilikuwa habari ya kazi. Mimi nilishika ukingo wa meza. Hapo ndipo nilipoelewa, baada ya miaka kumi na miwili, njia ambayo ule umeme ulipita: kutoka amplifaya, kwenye waya ule, kwenye nyuzi, mkononi mwangu, kifuani, mdomoni, kwenye maikrofoni. Nilikuwa sehemu ya waya.

Alinipa njia ya katikati. Alisema anaweza kuweka ndani ya waya ule vijidude viwili vidogo, kimoja cha kupunguza nguvu na kimoja cha kupitisha kelele tu, ili hata ubovu ukija ufike umechoka. Nikamuuliza kama anaweza kuapa. Akasema yeye haapi, yeye analehemu. Nikamwambia aache waya wote nje.

"Italia vibaya, Papa."

"Iache ilie."

Nikamwomba asimwambie binti. Akaguna, akakunja ule waya, akauweka kwenye kopo la misumari iliyopinda.

Gitaa likaja nyumbani, na mchana mmoja umeme wa mji uliporudi binti akalichomeka kwenye redio kubwa ya jirani. Lilinguruma. Chini ya kila noti palikuwa na mngurumo mzito usiokoma, na hata akiacha kupiga mngurumo ulibaki. Nilimwona anakunja uso. Akasema, "Ni kinasa yangu. Nilizungusha mubaya."

Na mimi nikanyamaza.

Akakifungua kile kinasa. Akakunjua waya wote wa shaba, kazi yake ya wiki nzima, akaanza upya, anahesabu kwa midomo, amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Siku nne. Waya ulikatika mara mbili, akaunganisha, akaendelea. Vidole vyake vilikuwa na mikato midogo myekundu. Nilipita mlangoni nikamwona anaharibu kazi nzuri ili kurekebisha kosa langu, na nikaenda zangu kunoa msumeno ambao haukuhitaji kunolewa. Nimefanya mabaya kadhaa maishani, na hilo ni miongoni mwa yaliyo mabaya zaidi.

Alipomaliza, gitaa lilinguruma vilevile. Akalichukua, akalipeleka kwa fundi peke yake. Fundi alijaribu kukwepa, lakini si mtu wa kuficha mambo ya kazi. Binti alirudi saa saba mchana, ametota jasho, akanikuta barazani.

"Papa, juu ya nini ulimukataza fundi kufunga masi?"

Nikasema amplifaya ya kanisa imezeeka. Nikasema ziko hatari. Nikasema mambo yote ambayo mtu anasema ili asiseme jambo moja.

"Mi siogope," akasema.

"Unapaswa kuogopa."

Akaketi chini mbele yangu, gitaa mapajani. Akaongea taratibu, kama mtu anayetoa kitu alichokitunza. "Siku ile Roho alikushika, nilikuwa mbele na Mama. Nilikuona muzuri kabisa. Tangu siku ile njo naomba Mungu anishike vile alikushika we. Njo sababu nilijifunza gitaa. Papa, siku nikishikwa, sitaachia."

Sitaachia.

Nilitazama mkono wake ulipokuwa umelala juu ya nyuzi. Nikauona unajifunga. Nikaona kanisa linarudi nyuma hatua mbili. Angesikia meno yake yanashikana, na badala ya kupigana angeshukuru. Angekaza. Mtoto wangu alikuwa ameomba kifo kila usiku tangu akiwa na miaka saba, kwa sababu ya neno moja nililosema mkekani, na nusura nimtengenezee kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilisema viatu vilikuwa vimelowa, ilikuwa grupu, nilikuwa nakufa, na niliona aibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mwangaza?"

"Ilikuwa umeme, mama."

"Mama anajua?"

"Hapana. We njo wa kwanza."

Akainuka. Hakulia, hakunitukana, na ningependa angefanya kimojawapo. Aliingia ndani na gitaa lake. Kesho yake nilisikia msasa nyuma ya nyumba. Alikuwa anaiondoa vanishi yangu, tabaka kwa tabaka. Siku ya tatu mulombwa ulianza kuonekana, na vumbi jekundu lilikuwa limemfunika mpaka kwenye nyusi. Baada ya hapo alipaka nta ya nyuki, kipande ambacho nyanya yake alituletea kutoka Kirungu, akaisugua kwa kitambaa mpaka mbao ikawa na mng'ao mdogo wa ngozi iliyopakwa mafuta. Lilikuwa gitaa zuri. Mimi nisingelifikisha hapo.

Siku ya tano aliliweka mezani kwangu, na juu yake ule waya wa masi. Alikuwa amekwenda kuuchukua kwenye kopo la misumari.

"Uufunge we mwenyewe," akasema. "Na nyuma ya pale twende ku mchungaji."

Niliufunga, fundi akinionyesha, kisha tukaenda kwa mchungaji. Nilimwambia yote, nimesimama. Akatoa mfukoni kile kitambaa cheupe ambacho tangu zamani anakifunga kwenye maikrofoni kabla ya kuhubiri. Sisi sote tulidhani ni urembo. Wachungaji wawili wa mitaa ya jirani wameiga.

"Inanikatakata midomo tangu siku mingi," akasema. "Nilizani ni mi tu."

"Na haukusema?"

"Na we?"

Hatukuendelea na mazungumzo hayo. Akasema kanisa ataliambia mwenyewe. Ninapoandika haya bado sijamsikia akiliambia.

Ijumaa alasiri tulikwenda kanisani watatu, mimi, binti na fundi. Tulipigilia nondo ndefu ardhini nyuma ya ukuta, tukamwagia maji ya chumvi, na fundi akafunga vyuma vyote kwenye waya mmoja mnene mpaka kwenye nondo ile: jenereta, amplifaya, mashine ya maikrofoni. Kabla ya kufunga aligusa maikrofoni kwa bisibisi yake yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, na kile kitaa kikawaka chekundu. Nilikiona kwa macho yangu. Kumbe miaka yote hiyo umeme ule ulikuwa unangoja pale. Baada ya kufunga, aligusa tena na hakikuwaka. Nikamwomba agusishe tena. Na tena. Alifanya mpaka uvumilivu ukamwisha, akanipa bisibisi nigusishe mwenyewe.

Binti akachukua gitaa. Nikalishika shingoni. "Mi kwanza."

Nilimwambia kitu kikitokea asiniguse, akimbilie swichi ya grupu. Akaenda kusimama mlangoni, mahali anapoweza kuniona na kuiona. Nikavaa mkanda. Spika ilikuwa na mngurumo mdogo. Mkono wangu ulisimama juu ya nyuzi, karibu kabisa, na haukushuka. Niliuamuru, ukakataa. Fundi alijifanya anakunja waya. Nilisali sala fupi isiyo na adabu, nikashusha mkono.

Mngurumo ukakatika. Spika ikawa kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko mngurumo, maana kilimaanisha waya wa masi unafanya kazi na mimi nimo ndani yake tena. Nikafumba macho, nikapeleka mdomo. Chuma cha maikrofoni kilikuwa baridi, chenye ladha ya kutu. Basi. Kilikuwa chuma tu.

Nilivua gitaa, nikakaa kwenye benchi la mama za mbele, nikatetemeka kuliko siku ile. Binti alikuja akanishika mabega na hakuniachia nafasi.

Jumapili sikukaa ndani. Nilikaa nje kwenye jenereta, kidole gumba kwenye swichi, macho kwenye dirisha la nondo ambalo mtu anaweza kuona jukwaa. Waliopita kwenda chooni walidhani ninatengeneza kitu. Sikusikia wimbo hata mmoja. Ukikaa karibu na grupu ile husikii hata jina lako. Niliiona mikono yake tu. Kila mkono uliposhika nyuzi kwa nguvu, kidole changu kilibonyea nusu. Wimbo wa pili alitakiwa kuimba sehemu yake mwenyewe. Nilimwona anasogea kwenye maikrofoni, anagusa kwanza kwa ncha ya kidole, anasita, kisha anaimba akiwa mbali, kiasi kwamba watu wa nyuma walinyoosha shingo.

Baada ya ibada alikuja nje na gitaa lake. Nikazima jenereta. Masikio yangu yalikuwa yanalia.

"Ulisikia?" akauliza.

"Sikusikia kintu, mama. Nilikuwa naangalia mikono yako."

Akaitazama mikono yake. "Wimbo ya pili nilikosea. Nilikuwa napima maikro na kidole, njo mwanzo ikanipita." Akazungusha mkanda begani. "Zamani sikuogopaka, Papa. Nilikuwa nangoja. Sasa nikisogeza mudomo, naogopa tu. Sijue kama itaniachaka."

Nilijua nimemfanya nini. Kitu alichokiomba miaka kumi na miwili nilikuwa nimekiondoa kwa sentensi chache barazani, na mahali pake nimempa kile nilichokuwa nacho. Alisimama pale juani ananitazama, anangoja nimwambie kwamba kitapita.

"Ogopa, mama," nikamwambia. "Ogopa hivyo hivyo."

Na nilikuwa na furaha, maana mkono unaoogopa huachia.